Uamuzi wa Kabla ya Mgao

Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama akitangaza kwamba ameacha pombe, walio karibu naye hubaki na swali moja: ataweza? Swali hilo linamtazama pale alipo dhaifu kuliko pote. Ni saa mbili usiku, mgao umetoka, pesa ipo mfukoni, na wenzake wamekaa mbele ya grosari wanamwita kwa jina la utani. Hapo hakuna uamuzi mkubwa uliobaki. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa asubuhi, au wa wiki iliyopita, na huenda haukutaja pombe hata kidogo. Ulihusu nani apokee pesa ya mgao, yeye alale kambi ipi, ashuke na kundi gani duarani, yaani kwenye shimo la kuchimba, na deni la mama anayeuza gongo lilipwe kwa mkono wa nani.

Mazungumzo yetu kuhusu uraibu, redioni na mimbarini, yamekwama kwenye nguvu ya nia. Aliyeacha tunamsifu kwa ujasiri, aliyerudia tunamlaumu kwa ulegevu. Ukiutazama ukanda wa dhahabu kwa makini, utaona kwamba nia ni sehemu ndogo ya hesabu, na kwamba sehemu iliyobaki inaweza kupangwa.

Anza na namna pesa inavyoingia. Migodi mikubwa ya ukanda huu, yaani Geita iliyoanza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi iliyofunguliwa mwaka 2009 na sasa imefunga uchimbaji, ni ya mshahara wa mwisho wa mwezi na kupimwa pumzi kazini. Pembeni mwa migodi hiyo, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Nyangalata na kwingineko, maelfu ya watu huchimba bila mshahara. Mwenye duara hugharimia chakula, matimba ya kuegemeza kuta za shimo, kamba na pampu ya maji. Wachimbaji hutoa nguvu. Mawe yakipatikana, hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na waliochimba, kisha kila mmoja hupeleka fungu lake karasha, likasagwa, likachenjuliwa, dhahabu ikauzwa. Kati ya mgao mmoja na mwingine zinaweza kupita wiki, pengine miezi. Muda wote huo mtu anaishi kwa ugali wa kambini na mali kauli. Sigara, vocha, kodi ya chumba, glasi ya gongo: vyote vimeandikwa kwenye daftari la mtu fulani.

Siku mwamba ukikubali, pesa inafika kwa mkupuo na wadai wanafika nayo. Muuza pombe anayemdai hamfuati kwa ugomvi. Anamkaribisha aketi, anapokea deni lake, na kwa shukrani anammiminia moja ya bure. Mtu aliyeapa kuacha ametoka kwenda kulipa deni, jambo la heshima kabisa, na amerudi amelewa.

Masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, lile la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, yamempunguzia mchimbaji unyonyaji wa madalali na kumsogeza karibu na bei ya dunia. Ni jambo jema. Lakini Oktoba 2025 bei hiyo ilivuka dola 4,000 kwa wakia, na fungu lile lile la mawe likaanza kuzaa pesa ambazo kijana aliyetoka kulima pamba Kishapu hajawahi kuzishika. Amefundishwa kupima mwamba kwa macho na kusoma mshipa wa dhahabu. Pesa ailaze wapi, hakuna aliyemwambia.

Machimboni husemwa kwamba pesa ya dhahabu haikai. Watu wa mjini huuchukulia msemo huo kama ujinga, ila mimi naona una mantiki yake. Mwaka 2015 duara la Nyangalata, wilayani Kahama, lilifukia wachimbaji, na watano kati yao walikaa chini siku 41 kabla ya kuokolewa mwezi Novemba. Wapo wengi katika maporomoko mengine ambao hawakupata bahati hiyo. Mtu ambaye kesho yake inategemea matimba aliyoyasimika mwingine hana sababu kubwa ya kuiheshimu akiba, na anayemhubiria akiba bila kugusa hofu hiyo anapoteza muda wake.

Wala pombe haikuletwa na dhahabu. Usukumani, watu waliokusanyika kulima shamba la mwenzao walimalizia siku kwa pombe, na mwenye shamba aliyewanyima alionekana mchoyo. Ila pombe ile ilikuwa na mwisho wake: ilipikwa kwa siku kadhaa, ikanywewa hadharani mbele ya wazee, ikaisha chunguni. Gongo na pombe kali za chupa haziishi. Zipo saa kumi alfajiri kwa anayepanda kutoka duarani, na zipo saa sita mchana kwa anayesubiri zamu yake. Wapo wanaoamini kabisa kwamba pombe kali inasafisha vumbi kifuani. Vumbi la mwamba halisafishwi na kinywaji chochote, na pombe humwongezea mchimbaji hatari ya kifua kikuu, ugonjwa ambao tayari unamwandama.

Sasa mtu ameamua kuacha. Kuna hatari ya siku chache za mwanzo ambayo kambini haizungumzwi. Anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Mikono hutetemeka ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili. Na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wapo wanaochanganyikiwa, wakaona wadudu au watu wasiokuwepo, wakatoka jasho na kupandwa na homa. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Hospitalini hutulizwa kwa dawa za jamii ya diazepam pamoja na vitamini B1. Machimboni, ambako uchawi na dhahabu hutajwa kwa pumzi moja, anayeona watu wasiokuwepo hupelekwa kwa mganga. Huko anatafutwa aliyemroga, na mara nyingi kidole humwangukia mwenzake wa duarani. Kisha mgonjwa akinywa tena, maono yanatulia, na familia nzima inakuwa imeshuhudia kwa macho yake kwamba pombe ndiyo dawa. Sidhani kuna somo baya kuliko hilo. Kwa hiyo mnywaji mkubwa asiache peke yake chumbani. Aache akiwa karibu na kituo cha afya, amemweleza mganga wa kituo ukweli wa kiasi anachokunywa, na awepo mtu wa kulala naye chumba kimoja siku nne hizo.

Hizo siku nne, kwa ugumu wake wote, ndizo rahisi zaidi kupanga. Kigumu ni mwezi wa nne baada ya kuacha, na sababu yake ilionekana mbali na hapa.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu kwamba vita ya Vietnam itairudishia jeshi la waraibu wa heroini. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia askari waliorudi. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu akiwa vitani. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya hao waliokuwa waraibu walioangukia tena kwenye uraibu, na wengi wa waliopona hawakupata tiba yoyote. Matokeo hayo yalibishaniwa kwa miaka, na ni kweli kwamba askari kijana aliyetumia kwa mwaka mmoja si sawa na mtu wa miaka 40 aliyetumia nusu ya umri wake. Lakini jambo moja halikupingika: bei ilibadilika, marafiki walibadilika, hofu iliondoka, mama alikuwa jikoni.

Ukanda wa dhahabu una jaribio kama hilo kila mwaka, na hakuna anayeliandika. Mvua za Novemba zikianza na maduara kujaa maji, wachimbaji wenye mashamba hurudi Kishapu, Maswa na Shinyanga Vijijini kulima. Huko baba anaona na jirani anaona, noti ni chache, ng'ombe hauzwi kwa siri, na alfajiri jembe linasubiri. Mtu anakaa miezi mitatu bila kulewa, anajiona amepona. Kiangazi kikiingia anarudi kambi ile ile, kitanda kile kile, kundi lile lile, na wiki haiishi kabla hajaanguka. Anajilaumu yeye. Ukweli ni kwamba miezi mitatu ile kijiji kilikuwa kimemfanyia maamuzi, na alipopanda basi la Kahama alikiacha nyuma.

Kwa hiyo swali lenye faida ni hili: ni kitu gani cha kijijini kinachoweza kubebwa hadi kambini?

Pesa isiyo mkononi inabebeka. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, fungu linaweza kufika kwa mke au mama kabla mchimbaji hajatoka mlangoni mwa soko. Najua ugomvi unaofuata. Mume hamwamini mke, mke hamwamini mama mkwe, na wote watatu wana sababu zao. Wasioweza kuafikiana nyumbani wana kikundi cha vikoba chenye kadi na sanduku la funguo tatu. Wengine humlipa moja kwa moja mwenye duka la vifaa Katoro, wakachukua risiti ya bati na saruji. Kwa Msukuma kuna benki kongwe kuliko zote, nayo ni ng'ombe, ambaye kwa tabia yake haingii grosari. Njia ipi ichaguliwe si hoja kubwa. Hoja ni wakati. Makubaliano yafanyike kabla mawe hayajaonekana, mbele ya shahidi, kwa sababu mtu aliyekwisha shika milioni mbili hajadiliani na mtu. Na deni la pombe lilipwe na mwingine: ndugu, rafiki asiyekunywa, au mwenye duara mwenyewe.

Macho ya watu nayo yanabebeka, ingawa kwa shida. Kundi la duara moja hula pamoja, hulala pamoja na kutegemeana uhai, na ndiyo maana ni vigumu kukataa glasi yao: kukataa kunaonekana kama kujitenga na watu watakaokuvuta kwa kamba kesho. Yeyote anayemshauri mchimbaji aachane na marafiki wabaya, kana kwamba marafiki ni shati, hajaelewa kazi hii. Kinachowezekana ni kuhamia kundi jingine kwa sababu inayoeleweka. Dini inatoa sababu hiyo. Waadventista wa Sabato, makanisa ya kilokole na misikiti ya Kanda ya Ziwa yamewatoa watu wengi kwenye pombe, na sehemu ya siri yao ni ya kawaida sana. Anayesema ameokoka ameshajibu maswali yote kwa neno moja, na jioni ana pa kwenda. Anayesema anapunguza tu hujadiliwa hadi usiku wa manane.

Udhaifu wa njia hii hujitokeza siku ya kuteleza. Aliyesimama mbele ya waumini akashuhudia kwamba minyororo imekatika, akinywa glasi moja Jumanne, Jumapili hataonekana. Anapoteza kanisa na kiasi kwa siku moja. Hapa methali yetu moja inafanya kazi upande wa pombe: maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Aliyeteleza hujiambia hivyo hivyo, kwamba kwa kuwa nimeshaharibu, basi niharibu vizuri. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alilichunguza wazo hilo na kulieleza kwa kina miaka ya 1980, akaonyesha kwamba kinachogeuza glasi moja kuwa wiki nzima ni jinsi mtu anavyoitafsiri ile glasi. Mimi ningesema maji yanaweza kuvuliwa nguo na mtu akaghairi, akavaa, akaenda zake. Lakini lazima awe amepanga mapema: amechagua mtu mmoja wa kumpigia simu usiku huo, mtu asiyehubiri, amejua atalala wapi nje ya kambi, na amekubaliana na nafsi yake kwamba kesho asubuhi ataonekana kazini hata kama kichwa kinauma. Msikiti au kanisa linalomfaa ni lile ambalo imamu au mchungaji wake anaweza kuambiwa habari hiyo bila kuitangaza.

Kuna uamuzi ambao wengi hukwama nao, na siwalaumu: kuacha kushuka. Kazi ya karasha, ulinzi, pampu au jiko la kambi hulipa kidogo kidogo, kwa siku au kwa wiki, na pesa ndogo ya kila wiki ni salama zaidi kwa anayejinasua kuliko donge la mara mbili kwa mwaka. Lakini anayehamia karasha anaaga ndoto. Duara lina tabia za kamari, linanyima mara nyingi na kutoa mara moja kwa kishindo, na ile mara moja ndiyo inayokumbukwa. Mtu anaweza kuacha pombe akabaki na homa ya mshipa, na siku duara likikauka, uchungu wake unajua njia ya kwenda kwa muuza gongo. Kwa wengine mwaka mmoja juu ya ardhi unatosha kujenga mazoea mapya kabla ya kurudi chini. Kwa wengine hautoshi kamwe, na ni afadhali walijue hilo wakiwa hai.

Dawa za kulevya zinahitaji maneno yake. Bangi imezagaa machimboni. Chini ya sheria ya mwaka 2015 kukutwa nayo ni kosa la jinai, jambo linalomfanya anayetaka msaada amwogope hata muuguzi. Heroini imekuwa zaidi tatizo la pwani, lakini barabara na pesa taslimu hazijui mpaka wa mkoa. Kwa mraibu wa heroini, inayoitwa pia unga, tiba yenye ushahidi ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na kwa Kanda ya Ziwa inatolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, Mwanza. Dozi hunywewa kila siku mbele ya mtoa huduma. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, lakini hakuna mchimbaji atakayesafiri zaidi ya kilomita 100 kila asubuhi kwenda kunywa kikombe kimoja. Kuchagua methadoni kwake ni kuchagua kuhama, kutafuta kazi Mwanza na kuanza upya. Nyumba za upataji nafuu, zile zinazoitwa soba, ambazo Zanzibar zilianza mwaka 2009, zinafanya kwa makusudi kile ambacho kijiji cha Kishapu hukifanya bila kujua: macho, ratiba, mfuko mtupu. Hatari yake inafanana na ya kijiji, nayo ni siku ya kutoka. Kwa unga siku hiyo inaua, kwa kuwa mwili uliopumzika kwa miezi hauwezi tena kuhimili kipimo cha zamani. Kila anayetoka, na kila mama anayempokea, anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile maamuzi yote ni ya mchimbaji. Mengi si yake. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, na kwa machimbo lilikuwa jambo la maana, kwa sababu kiroba kiliingia mfuko wa suruali na kushuka na mtu hadi chini. Gongo haikuondoka, ni haramu kwa miongo mingi na bado inauzwa nyuma ya nyumba. Msako ukipita, mitungi inamwagwa, mama anatozwa faini, na ili alipe faini anapika zaidi. Ukimuuliza mama huyo, utakuta ada ya shule ya watoto imo ndani ya mtungi ule, na si ajabu mume aliyemkimbia naye alikuwa mlevi. Atakayemtaka aache kupika ana wajibu wa kumwonyesha biashara nyingine inayoingiza pesa kila siku kama hiyo, na mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake bado haijafika kwa wengi wa aina yake. Wapo wanaotamani sungusungu, waliozaliwa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wawashughulikie walevi. Kiboko na faini vilimfaa mwizi. Mlevi aliyechapwa hujifunza kunywea mbali zaidi.

Mwenye uwezo wa kubadili mengi kwa gharama ndogo ni mwenye duara. Mgao wa Jumamosi jioni na mgao wa Jumatatu asubuhi ina mawe yale yale, lakini wa kwanza unaingia kwenye usiku na muziki, wa pili unaingia kwenye zamu. Mwenye duara anaweza, kwa ridhaa ya mchimbaji, kukata deni la daftarini na kulilipa mwenyewe, kutuma sehemu nyumbani, na kumkabidhi kilichobaki soko likiwa wazi. Hapotezi hata senti, na anapata kundi linaloshuka likiwa na akili timamu. Anayepoteza ni mwenye grosari. Wapo wenye maduara ambao ndio hao hao wenye grosari, wanaoirudisha kwa mkono wa kushoto pesa waliyoitoa kwa mkono wa kulia. Mchimbaji anayetaka kuacha pombe akigundua kwamba anachimba kwa mtu wa namna hiyo, ana sababu ya kutosha ya kutafuta duara jingine kabla msimu haujaanza.